Walioiba Jua la Alunguli

IJUMAA, SAA KUMI ALASIRI

Roger alimwaga bia kidogo juu ya meza, akaivuta kwa kidole mpaka ikawa mstari mrefu.

"Hii njo mto," alisema. "Huku Kasuku, huku Alunguli." Akaweka kizibo cha chupa ng'ambo ya mstari. "Hii njo dispansari. Vioo iko juu ya bati, betri iko mu kachumba ya nyuma. Tunavuka mikono mitupu, tunarudi na jua. Nani hajasikia?"

Wote walikuwa wamesikia. Walikuwa watatu tu ndani ya stoo ile, nyuma ya baa ya Patron Edouard, madirisha yamefungwa, jasho linawatoka. Bia ilikuwa ya moto. Mitambo ya umeme ya Kasuku ilikuwa imenyamaza tangu treni la mafuta likwame huko kusini, na hakuna aliyekuwa na hakika kama limekwama au limeuzwa. Friji kubwa ya baa, fahari ya Patron, sasa ilihifadhi samaki wa chumvi na viatu vya mkewe.

Roger ndiye shefu. Chama kilikwisha kufuta majina ya kizungu kwenye vitambulisho, kikampa jina la babu yake, lakini hata polisi walipokuja kumkamata waliuliza Roger iko wapi. Kwa miaka alikuwa amekula shaba ya reli, akikata nyaya usiku na kuziuza mchana. Désiré alikuwa mabega na makasia. Alijua kila mkondo wa Lualaba na hakujua kitu kingine. Wa tatu ni Sudi, fundi wa umeme, na Sudi hakupaswa kuwa pale hata kidogo.

"Mbona mchana, shefu?" Désiré aliuliza. "Kazi yetu njo ya usiku."

"Usiku gani?" Roger alicheka bila furaha. "Muulize Sudi. Yeye njo alituibia usiku."

Ilikuwa kweli. Miaka yote Kasuku iliwaka, Alunguli ikatazama kutoka ng'ambo ya mto, maana waya haukuvuka maji. Kisha dizeli ikaadimika, Kasuku nayo ikaingia gizani, na watu wa Alunguli wakachoka kusubiri treni. Imamu na mkatekista waliketi mkeka mmoja. Kila nyumba ikatoa chake: huyu mchele, huyu mawese, huyu mbuzi. Ndege ya misheni ikaleta vioo vya jua. Sudi ndiye aliyevipandisha juu ya bati na kuviunga, na jioni ya kwanza taa zilipowaka uani, wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ambo wakasikia. Hawa, mke wake, aliongoza ngoma. Alimwita Bwana Jua mbele ya watu wote, na jina likamganda.

Tangu siku ile Alunguli hailali mapema. Watoto wanasoma pale uani, wamama wanakaanga ndizi, wazee wanabishana. Mwizi akipita usiku wa manane anasalimiwa kwa jina na kuulizwa habari za nyumbani.

"Kesho njo sikukuu ya chama," Roger aliendelea. "Mutu akibaki nyumbani, anaandikwa. Alunguli yote itakuwa huku Kasuku, ku stade, mu uwanja, inaimba. Hata mulinzi wa dispansari amepewa bendera abebe. Mchana, jua kali, hakuna mutu. Sudi, ongea."

Sudi alikuwa akitazama kizibo. Alilowesha midomo.

"Vioo havina swichi," alisema. "Jua likiviona tu, vinazaa moto. Vile nimeviunga, mutu akigusa vibaya anarushwa chini. Lazima vifunikwe kwanza. Kitambaa kizito, kikubwa. Giza likiingia mu kioo, kinalala."

"Magunia?"

"Magunia iko na matundu." Akakigeuza kizibo kwa kidole. "Nguo za animasio, zile wamama wanachezea chama. Hawa njo anaziweka."

Roger aliacha kuvuta sigara.

Hawa alikuwa kiongozi wa kina mama wa Alunguli waliocheza mbele ya jukwaa kila sikukuu, watake wasitake. Mwaka uliopita walivuka mto wakiwa wamevaa sare, pirogi ikaingiza maji, wakacheza na matope mpaka kiunoni. Komite iliwaadhibu kufyeka nyasi za uwanja. Kwa hiyo safari hii walikubaliana: watavuka na nguo za kila siku, na sare zitakuja nyuma, zimepigwa pasi, zimefungwa vizuri. Mtu wa kuzileta alikuwa Sudi.

"Navifunika nazo," Sudi alisema. "Halafu navifunga nazo. Nani mu mji huu atafungua muzigo wenye mwenge wa chama?"

Roger alicheka mpaka akakohoa, akampiga Sudi bega. Sudi hakucheka. Aliona aibu kwamba wazo lile zuri lilikuwa lake.

Maana Sudi hakuwa mwizi. Alikuwa na mdogo wake, basi. Musafiri alikamatwa Kalima na mfuko wa kasiteriti, madini ya bati ya mgodi, akatupwa kwenye kasho, seli ya walinzi wa mgodi, na tangu masika habari zilikuwa zile zile: analala juu ya sementi, anakohoa damu. Mama yao alipokuwa anakufa aliushika mkono wa Musafiri akauweka ndani ya mkono wa Sudi. Alikwenda Kalima mara tatu na mara tatu alifukuzwa mlangoni.

Kisha Patron Edouard, ambaye alikunywa na kila mwenye nyota begani, akamwita nyuma ya baa. Alisema kwa upole. "Siku vioo viko juu ya bati yangu, mudogo yako analala kwako." Hakukuwa na karatasi wala shahidi. Kulikuwa na neno la tajiri tu, na Sudi alilishika kwa mikono miwili kwa sababu hakuna mwingine aliyempa neno lolote.

JUMAMOSI, SAA MOJA ASUBUHI

Hawa alikunja sare ya mwisho, akaipapasa. Kijani kibichi, na katikati mkono ulioshika mwenge. Chumba kizima kilinuka mkaa wa pasi.

"Saa tano uwe pale," alisema. "Usinitie haya mbele ya watu, Sudi."

"Nitafika."

"Na zisiguse maji."

"Hazitagusa."

Alimtazama vizuri. Alikuwa mwanamke wa kutazama vizuri. "Uko na nini? Tangu jana hujakula."

"Ni juu ya Musafiri."

"Mungu atamutoa." Akamshika shavu, mkono ukiwa bado na joto la pasi. "Bwana Jua hawezi kukaa na uso wa mvua. Kula ndizi, zimefunikwa pale."

Alitoka kuungana na wenzake, na Sudi akawasikia wakishuka kuelekea mtoni wakiimba wimbo wa chama kwa sauti ya watu waliolazimishwa kuamka. Kidogo amwite arudi amwambie yote. Alifungua mdomo kabisa. Kisha akaiona sementi ya Kalima, akaufunga.

SAA TATU

Alunguli ilikuwa tupu. Kuku na mbwa. Mwenge wa karatasi umebandikwa kila mlango.

Sudi alipanda juu ya bati akiwa peku, akatandaza sare juu ya vioo, moja baada ya nyingine, akizibana kwa mawe. Kijani kikafunika buluu. Alipima kwa waya, akasubiri, akapima tena. Vioo vimelala. Akaanza kufungua skrubu alizozifunga mwenyewe, na kila moja aliikumbuka.

Alipokata waya mkubwa, friji ya chanjo ndani ya dispansari ilinyamaza. Mlio mdogo tu, mmm, ambao mtu hausikii mpaka ukome. Mle ndani kulikuwa na dawa ya surua ya watoto wa Alunguli wote. Sudi alikaa juu ya bati na bisibisi mkononi.

"Nini?" Désiré aliuliza kutoka chini.

"Hakuna. Pokea."

Vioo vilishuka, kimoja kimoja. Kisha wakaingia kwenye kachumba ka betri. Kulikuwa na mitungi ya maji ya mvua imepangwa ukutani. Sudi mwenyewe aliwafundisha manesi: betri inapewa maji ya mvua tu, maji ya mto yana udongo na chuma, yanaiua. Sasa alizifungua zile betri na hakuitazama mitungi.

"Désiré, sikia vizuri. Hizi zinasimama. Usizilaze hata kidogo. Iko asidi ndani, inakula kila kitu."

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Zinasimama," Désiré alisema, amekasirika. "Mimi si mutoto."

SAA NNE NA NUSU

Pirogi ilikuwa nzito. Vioo vimelala chini, sare zimetandazwa juu yake. Sudi alikaa mbele. Betri zilikaa nyuma, miguuni pa Désiré, zimesimama kama alivyoambiwa.

Katikati ya mto Sudi aliona askari.

Alikuwa amesimama kwenye gati la Kasuku, bunduki mgongoni, kiganja juu ya macho. Anawatazama wao. Hakukuwa na pirogi nyingine juu ya maji yote yale.

"Endelea," Sudi alisema bila kugeuka. "Polepole. Sisi tunaleta nguo."

Désiré aliziona betri zake. Vichwa vyake vyeusi vilitokeza juu ya ukingo wa pirogi, na mtu wa nchi kavu angeviona. Hakuuliza. Alizisukuma kwa mguu, moja, nyingine, zote, zikalala ubavu ndani ya mtumbwi. Akavuta pembe za sare akazifunika. Sudi alikuwa mbele, macho kwa askari. Hakuona kitu.

"Yaka awa!" askari alipiga kelele kwa Kilingala, akiwapungia waje. Wakasogea. "Munabeba nini?"

"Nguo za animasio, shefu. Za wamama wa Alunguli. Wanazingoja ku stade."

Askari alichuchumaa. Alinyoosha mtutu wa bunduki akainua ukingo wa kitambaa. Chini ya kitambaa kulikuwa na kitambaa kingine, na juu ya kile kingine mkono ulioshika mwenge, na mwenge ulimtazama askari. Akaondoa mtutu haraka kuliko alivyouweka. Akapiga hata saluti ya nusu.

"Sasa munangoja nini? Mukubwa ameshafika! Kimbieni!"

Walipita gati, wakaingia kwenye matete. Roger alikuwa anangoja na mkokoteni na magunia. Vioo viliingia kwenye magunia, betri juu yake, vikafunikwa kwa majani ya mihogo. Désiré alikuwa amezisimamisha tena kabla Sudi hajageuka.

Sudi alizikusanya sare. Nyingi zilikuwa na unyevu.

"Hii nini?"

Désiré alimtazama usoni. Angeweza kusema. Lakini alikwisha kufanywa mtoto mara moja siku ile, na Roger alikuwa pale pale. "Maji ya mto," alisema. "Pirogi inavuja kidogo."

Mtu aliyeziunga betri zile angepaswa kunusa. Angepaswa kuonja kwa ulimi, kama afanyavyo fundi yeyote. Lakini Sudi alifikiria saa tano, na Hawa, na haya. Alizianika juu ya nyasi kwenye jua lile kali, zikakauka upesi, zikawa safi machoni. Vidole vilimwasha. Alidhani ni matete.

"Musafiri," alimwambia Roger alipokuwa anafunga mzigo. "Lini?"

"Patron amesema leo leo anatuma mutu ku Kalima." Roger hakumtazama. "Peleka nguo za bibi yako."

SAA SITA MCHANA

Sherehe ilichelewa, kama kawaida, kwa sababu wakubwa walikuwa bado wanakula. Hawa alimpokea Sudi nyuma ya jukwaa, akalipima bunda kwa mikono.

"Zimekauka," alisema, akacheka. "Ahsante, bwana yangu."

Wanawake walivaa wakizungukana. Sudi alikwenda kusimama kwenye umati, Roger akatokea ubavuni pake na harufu ya sigara. Jukwaani, safu ya pili, Patron Edouard alikuwa amekaa na koti la kola fupi ambalo wakubwa wote walivaa siku hizo, anafuta jasho. Aliwaona. Akaitikia kwa kichwa, kidogo tu. Sudi alimshukuru moyoni. Imekwisha. Musafiri anarudi.

Ngoma ikalia. Wamama wa Alunguli waliingia uwanjani kwa mistari, Hawa mbele. Waliimba kwamba nchi imeamka. Waliinama, wakainuka, wakanyoosha mikono juu kuonyesha mwenge.

Sare ya Hawa ilipasuka mgongoni.

Haikupasuka kama nguo inayovutwa. Iliachia tu, kimyakimya, kwenye mkunjo, na mkono wa mwenge ukadondoka vipande vipande kwenye vumbi. Hawa aligusa mgongo wake, vidole vikatoboa kitambaa upande mwingine. Nyuma yake mwanamke mmoja alipiga ukelele na kukumbatia kifua. Kisha mwingine. Mstari mzima ulikuwa unavuliwa na mkono usioonekana. Kijani kilianguka, wanawake wakakanyaga mwenge kwa miguu yao bila kutaka, wakijaribu kukaa chini, wakijaribu kujificha mmoja nyuma ya mwingine mbele ya mji mzima.

Ngoma ilinyamaza. Hakuna aliyecheka. Watu walijua vizuri kitu kisichochekwa.

Sudi alitazama vidole vyake. Vilikuwa vyekundu, ngozi imeanza kutoka. Sasa ndipo alipojua.

Wa kwanza kusimama jukwaani alikuwa Patron Edouard. "Sabotaje!" alipiga kelele, kidole kimenyooka. "Wametukana chama! Wakamatwe!"

Vijana wa chama waliingia na fimbo. Hawa hakukimbia. Alikuwa anavua kitenge chake cha ndani amfunike mwenzake, na walimpiga hivyo hivyo, ameinama.

Roger alimshika Sudi mkono juu ya kiwiko. Alimshika kwa nguvu.

"Twende."

"Watamuua."

"Watamunyoa kichwa, watamuachilia. Ukifungua mudomo, Musafiri anaoza kule Kalima. Unasikia? Chagua."

Hapo, kwa mara ya kwanza katika habari hii, Sudi alifanya jambo ambalo hakuna aliyempangia. Aliutoa mkono wa Roger kidole kwa kidole, akatembea katikati ya uwanja, jua utosini, mpaka akafika alipokuwa mkewe.

"Ni miye," alisema. "Wamama hawa hawajui kitu. Nguo nilizileta miye."

Hawa aliinua uso. Damu ilikuwa inamtoka sikioni. Alimtazama kama mtu asiyemjua, kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga, akaanza kumjua.

JUMAPILI

Mwenye kumhoji alikuwa na miwani myeusi ndani ya chumba kisicho na dirisha. Sudi alisema yote. Alitaja vioo, betri, pirogi, Roger, bati la nani.

"Vioo gani?" bwana yule aliuliza.

"Vya Alunguli. Vya dispansari."

"Hapa hatuongei vioo, sitwayeni, raia. Hapa tunaongea kitambaa."

Roger aliletwa akiwa amenyoa, na shati safi. Aliapa kwamba alimwona Sudi kwa macho yake akimwagia asidi nembo ya chama, akitabasamu. Désiré alisimama nyuma yake, akaulizwa kama ni kweli, akatazama sakafu na kusema ndiyo. Chumba cha pili mtu alikuwa anakunywa chai na kucheka. Sudi alikitambua kicheko. Kilikuwa cha Patron.

Kina mama waliachiliwa, wamenyolewa vichwa. Huo ndio ushindi pekee Sudi alioupata, na aliushikilia.

Siku chache baadaye Hawa alikuja, mara moja tu, akasimama mbali na nondo. Kitambaa kilikuwa kimefungwa chini mpaka kwenye nyusi.

"Juzi usiku mutoto wa Odile, jirani yetu, amezaliwa," alisema. "Nilishika kibatari mimi. Mafuta yakaisha kabla mutoto hajatoka. Tulimaliza kwa mikono, gizani." Alivuta kitambaa chini zaidi. "Dawa za surua zimetupwa zote."

"Hawa. Ilikuwa juu ya Musafiri."

"Ungeniambia. Tungemulilia pamoja, tungeuza nyumba, tungeenda kulala mbele ya mulango ya ile kasho. Weye ukachukua taa ya watu." Sauti yake ilikatika, akaiunganisha tena. "Nilikuita Bwana Jua mbele yao wote. Mimi kwa mudomo yangu."

Alikwenda kwa ndugu zake Kibombo. Hakurudi, na Sudi hakumlaumu.

MIEZI MIWILI BAADAYE

Kasho ya Kasuku ilikuwa na tundu moja juu, karibu na dari. Jioni tundu lile liliingiza mwanga mweupe, na Sudi aliujua mwanga ule. Walinzi walimsimulia bila kuulizwa: baa ya Patron inawaka, bia ni baridi, kuna muziki. Wakubwa walikuja kukata utepe. Walisema Kindu, yaani Kasuku na Alunguli pamoja, inasonga mbele, mji unajizalishia umeme wake kwa jua, na Patron Edouard ni raia wa mfano. Alipewa nishani. Alunguli walipovuka mto kuuliza, waliambiwa kwamba vioo vyao viliharibiwa na yule mhaini, na hivi ni vingine.

Kisha, jioni moja kabla ya giza kuingia vizuri, mlinzi aligonga. "Uko na mugeni."

Mgeni alikuwa amevaa koti la askari wa zamu, jipya, vifungo vinang'aa. Mashavu yamejaa. Mkononi alishika ugali na sombe ya majani ya mihogo, umefungwa kwenye jani.

"Yaya," alisema Musafiri, kama alivyomwita kaka yake tangu utoto.

Sudi alishika nondo. Machozi yalimtoka tu, yenyewe, akacheka nayo. "Umetoka," alisema mwishowe. "Umetoka, mudogo wangu. Patron alisema kweli. Umepona?"

"Nimepona." Musafiri aliingiza ugali kati ya nondo. "Nafanya kazi kwa Patron. Nalinda vioo."

Sudi alikula. Alikuwa na njaa, na alikuwa na furaha, na kwa muda ule mdogo aliona kama bei haikuwa kubwa mno.

"Yaya, Patron amenituma. Betri hazishiki tena. Taa zinazimika mapema, friji inasimama. Mafundi wameshindwa. Anasema umuonyeshe namna ya kuzitengeneza, naye ataongea juu yako. Utatoka."

"Atanitoa."

"Ndiyo. Vile alinitoa miye."

Sudi alimtazama mashavu. Alimtazama shingo nene. Mtu aliyekohoa damu juu ya sementi hanenepi hivyo kwa miezi miwili.

"Musafiri, ulitoka lini Kalima?"

Ng'ambo ya ukuta santuri ya Patron ilianza kuimba.

"Lini?"

"Kabla ya sikukuu," Musafiri alisema. "Siku nyingi kabla. Patron alinificha Obokote, ku shamba yake. Alisema nisionekane mu mji mpaka kazi iishe."

"Roger alijua?"

"Roger njo alinipeleka."

"Na weye, ulijua kazi gani?"

Musafiri alichezea kifungo cha koti. Alikuwa mtoto wa mama mmoja na Sudi, alikuwa na paji lile lile la uso. "Nilijua," alisema polepole. "Niliogopa watanirudisha, yaya. Kule kuko vibaya. Weye hujui kule vile kuko."

Sudi aliweka ugali chini. Alikaa kitako ukutani, akafumba macho, na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu kichwani mwake ila mlio wa friji ya chanjo ikinyamaza. Alipofumbua, sauti yake ilikuwa ya fundi, ya upole, ile aliyowafundishia manesi.

"Betri ziko na kiu," alisema. "Zilimwaga maji yao siku ile. Chukua maji ya mto. Usichukue mengine, ya mto tu. Jaza kila tundu mpaka juu."

"Ya mto tu. Mpaka juu," Musafiri alirudia, kama somo. Akapitisha mkono kati ya nondo. "Ahsante, yaya. Nitamukumbusha Patron juu yako. Nakuapia."

Sudi aliushika ule mkono, mkono ambao mama aliuweka ndani ya wake, akauachia.

Haikuchukua muda. Mwanga wa tunduni uligeuka manjano, kisha mwekundu, na jioni moja haukuja. Muziki ulikatika katikati ya wimbo. Walinzi walilaani, wakapapasa viberiti. Nje Kasuku yote ilikuwa giza, na ng'ambo Alunguli giza, na mto katikati.

Sudi alidhani atafurahi. Aliingoja furaha, haikuja. Asubuhi jua lilipanda juu ya bati la Patron, juu ya vile vioo alivyoviunga kwa mikono yake, vikalinywa kama kila siku, na hapakuwa na mahali pa kuliweka. Alijiinamia kwenye magoti akalia kwa sauti, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna mtu aliyekufa.